Foreman alirudi ulingoni na miaka 38. Je, kaka yangu wa miaka 41 naye arudi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kaka yangu alikuwa bondia wa ngumi za kulipwa, uzito wa kati. Aliacha akiwa na miaka 33 baada ya kupoteza mapambano matatu mfululizo, mawili kwa KO (kuangushwa na kushindwa kuendelea). Sasa ana miaka 41, ana duka la vifaa vya ujenzi na amenenepa. Tangu George Foreman afariki amekuwa akiangalia mapambano yake kwenye simu kila usiku. Anasema kama mzee yule alichukua ubingwa wa dunia akiwa na miaka 45, yeye atashindwaje? Kuna promota ameshampigia. Mama hataki hata kusikia. Naomba utueleze Foreman aliwezaje, na je, kurudi kule kulimjengea heshima au alibahatisha tu? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Foreman hakubahatisha. Ila mambo yaliyomwezesha kurudi, kwa jinsi ulivyoandika, kaka yako karibu hana hata moja. Nitalieleza hilo kwa urefu kwa sababu ukimwambia tu kwamba mwalimu amekataa, hatakusikiliza. Mpe asome mwenyewe.

Kile kipande anachokiangalia kwenye simu ni cha sekunde chache. Mzee mwenye kipara na kiuno kinene anatupa jabu (ngumi ya haraka ya mkono wa mbele) na ngumi ya kulia, kijana analala chali, mzee anapiga magoti kwenye kona na kusali. Hiyo ni Las Vegas, tarehe 5 Novemba 1994, na kijana ni bingwa Michael Moorer. Kabla ya usiku huo Foreman alikuwa ameshapigana mapambano 29 tangu arudi, kwa zaidi ya miaka saba. Na kabla ya kurudi alikuwa amekaa miaka kumi bila kupigana. Hayo yote simu haiyaonyeshi.

Nianze na mwili wake. Foreman alizaliwa Januari 1949 huko Marshall, Texas, akakulia Houston katika mtaa wa Fifth Ward, ambako yeye mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa akikaba watu. Ngumi alizijulia ukubwani kidogo, alipojiunga na Job Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwafundisha kazi vijana wasio na ajira. Muda si mrefu, mwaka 1968, akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Mexico City. Maana yake ni kwamba hakuanza kugongwa kichwani akiwa na miaka tisa au kumi kama watoto wengi wanaokulia vilabuni.

Aliingia ngumi za kulipwa mwaka 1969, na tangu siku za mwanzo alikuwa mtu wa kumaliza mapema. Januari 1973, Kingston, Jamaika, alimwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili na kumnyang'anya ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Akautetea Tokyo kwa José Román, raundi moja. Akautetea Caracas kwa Ken Norton, raundi mbili. Jumlisha: mapambano matatu ya ubingwa, raundi tano tu. Na kumbuka kwamba Frazier na Norton ni watu waliokwisha kumpiga Muhammad Ali. Foreman alipotua Kinshasa mwaka 1974 kupigana na Ali alikuwa na ushindi 40, kati yake 37 kwa KO, na hajui kupoteza kukoje.

Sisi tunaokaa kwenye kona huwa hatuhangaiki sana na tarehe ya kuzaliwa ya bondia. Tunauliza amepigwa raundi ngapi ngumu, na amepigwa na nani. Tumchukue Ali. Na Frazier raundi 15 mwaka 1971, na Frazier tena raundi 14 kule Manila mwaka 1975, na Norton mara tatu zote hadi mwisho, na Earnie Shavers raundi 15 mwaka 1977, na Leon Spinks raundi 15 mara mbili mwaka 1978. Katika miaka hiyohiyo Foreman alikuwa na vita moja ya namna hiyo, dhidi ya Ron Lyle Januari 1976, ambapo wote wawili waliangushwa, na hata hiyo iliisha raundi ya tano. Kwenye cheti Ali alimzidi Foreman miaka saba. Kwa ngumi zilizomwingia alimzidi mbali sana.

Kuhusu Kinshasa itabidi nikae kidogo, maana bila usiku ule kurudi kwake hakueleweki. Rais Mobutu wa Zaire alitoa dola milioni 5 kwa kila bondia, promota Don King akaliandaa pambano. Lilikuwa lipigwe Septemba, lakini Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini na likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Wiki zote hizo Ali alizunguka mjini akijifanya mwenyeji, na Foreman akajifungia. Alishuka Zaire na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, kwa watu waliowakumbuka mbwa wa polisi wa Wabelgiji. Nadhani hakuwa na mtu wa kumwambia. Ulipofika usiku wa pambano uwanja ulikuwa umejaa watu kama elfu 60 wanaomtaka Ali amuue. Kengele ililia saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa, ili Wamarekani waone usiku wao. Kwa Dar es Salaam ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, kumekucha.

Ali alikuwa na miaka 32, Foreman 25. Watu wanasahau kwamba usiku ule mkongwe anayerudi alikuwa Ali. Ubingwa alinyang'anywa mwaka 1967 kwa kukataa jeshi, akakaa nje ya ulingo miaka mitatu na nusu, akarudi na miguu isiyoruka kama zamani. Kwa hiyo akaegemea kamba, akafunika uso, akamwacha kijana apige. Raundi ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, Foreman anapiga mikono na mbavu kwa nguvu zote kwenye joto lile. Kufika raundi ya nane ngumi zake zilikuwa zinafika zimechoka. Ali akatoka kwenye kamba, akaunganisha ngumi chache na ya kulia ya mwisho, Foreman akazunguka na kuanguka.

Alikaa miaka mingi akitoa visingizio. Kamba zililegezwa, maji yalitiwa dawa, mwamuzi alihesabu mbio. Baadaye akaviacha vyote na kukubali kwamba alipigwa kihalali. Ila somo aliloachiwa ni hili: mtu mwenye nguvu kidogo anayejua kuzitunza anaweza kummaliza mwenye nguvu nyingi anayezimwaga. Alilielewa polepole sana. Mwaka 1977 alikuwa bado hajalielewa.

Machi mwaka huo, San Juan, Puerto Rico, Jimmy Young alimshinda kwa pointi katika joto kali na kumwangusha raundi ya mwisho. Chumbani baada ya pambano Foreman alipatwa na jambo ambalo yeye aliliita kufa na kurudishwa na Mungu. Wengine watasema mwili uliishiwa maji. Vyovyote iwavyo, alitoka pale akaacha ngumi na miaka 28, akaanza kuhubiri barabarani Houston, akawa mchungaji wa kanisa dogo, na mwaka 1984 akafungua kituo cha vijana. Alinenepa hadi kupita pauni 300, yaani kilo 136 na zaidi. Rekodi yake ilisimama hapo: ushindi 45, kupoteza mara mbili.

Sasa sikiliza vizuri, wewe kaka mtu unayesoma. Toka Machi 17, 1977 hadi Machi 9, 1987 ni miaka kumi kasoro siku nane, na katika miaka hiyo yote Foreman hakupigana pambano hata moja. Miaka inayommaliza bondia, ya kuanzia ishirini na nane hadi thelathini na nane, yeye aliitumia madhabahuni. Ali katika umri huohuo wa miaka 38, Oktoba 1980, alipanda ulingoni dhidi ya Larry Holmes, akapigwa raundi kumi bila kujibu chochote cha maana hadi kona yake ilipomzuia asiendelee. Akarudi tena Desemba 1981 kule Bahamas akapoteza kwa Trevor Berbick. Mwaka 1984 madaktari wakamwambia ana ugonjwa wa Parkinson. Sisemi ngumi peke yake ndizo zilizoleta ugonjwa ule. Madaktari wenyewe wamebishana. Nasema watu wawili walipanda ulingoni na miaka 38, mmoja kichwa chake kikiwa kimepumzika muongo mzima na mwingine kikiwa kimepumzika miaka miwili tu, na matokeo mmeyaona.

Kilichomrudisha, kwanza, ni fedha. Kituo cha vijana kilikuwa kinamla, na alisimulia kwamba aliona aibu kuendelea kuchangisha. Mimi sababu hiyo siichukii. Inaeleza kwa nini hakuwa na haraka. Mtu anayerudi kwa hasira au kwa kutaka sifa hutafuta pambano kubwa mapema. Foreman alihitaji kazi ya kudumu.

Pambano la kwanza lilikuwa Sacramento na mtu anaitwa Steve Zouski. Foreman alipima pauni 267, kilo 121. Kinshasa alikuwa na kilo 100. Alishinda raundi ya nne, na waandishi wakacheka. Mwaka huo wa 1987 alipigana mara tano. Mwaka 1988 mara tisa. Mwaka 1989 tano, 1990 tano. Yaani mapambano 24, yote akashinda, 23 kwa kumaliza kabla ya kengele ya mwisho. Ni Everett Martin peke yake aliyefika naye raundi ya kumi.

Wengi wa hao walikuwa vibonde, na sitaki tufichane. Walichekwa wao, akachekwa na yeye, na yeye akaongoza kicheko: akizungumza na waandishi alijitania kuhusu tumbo lake na vyakula kuliko walivyoweza kumtania. Lakini mtazame kwa jicho la mwalimu. Mtu aliyekaa nje muongo mzima anahitaji kujua upya umbali wa mkono wake, anahitaji kuzoea tena taa na pumzi ya raundi ya sita, na hayo huyapati kwa kupiga begi. Ushindani uliongezwa kidogokidogo. Machi 1988 Dwight Muhammad Qawi, bingwa wa zamani wa dunia wa uzito mdogo kuliko wake. Mwaka 1989 Bert Cooper. Januari 1990 Gerry Cooney, aliyekuwa bado na ngumi ya kushoto ya kutisha, naye akamalizwa raundi ya pili. Kufika hapo kicheko kilipungua.

Na alikuwa bondia mwingine kabisa. Huyu ndiye ningependa kaka yako amtazame, badala ya kile kipande cha mwisho. Foreman wa 1973 alikuwa anasukuma, anafyeka kwa mikono mipana, anatafuta kichwa. Foreman wa pili alipishanisha mikono mbele ya kifua na uso kwa mtindo wa Archie Moore, mkongwe aliyekuwa kwenye kona yake tangu Kinshasa. Akatembea badala ya kukimbiza. Jabu yake, ambayo zamani ilikuwa ya kufungulia mlango tu, ikawa silaha yenyewe; nzito, inapiga paji la uso na kumrudisha mtu nyuma. Akapunguza kila mwendo usio na faida. Baina ya raundi hakukaa kwenye kigoda, alisimama. Wengine waliona ni maigizo. Yawezekana yalikuwemo, lakini mpinzani aliyekaa akihema na kumwona mzee wa miaka 42 amesimama wima upande wa pili hawezi kupumzika vizuri.

Aprili 1991 alipewa Evander Holyfield, bingwa wa dunia asiyepoteza, kijana wa miaka 28. Foreman kilo 117, Holyfield 94. Alipoteza kwa pointi, raundi zote 12, na hakuwahi kuanguka. Kwangu mimi hilo ndilo pambano lililomjengea heshima kuliko hata la Moorer. Usiku ule alipokea ngumi kwa makundi na akaendelea kusogea mbele, na katika raundi ya saba kidogo Holyfield azame. Watu waliolipa kwenda kumcheka wakatoka wakimheshimu.

Halafu mambo yakaharibika kidogo. Aprili 1992 alimshinda Alex Stewart kwa pointi finyu, na uso wake ulikuwa umevimba kiasi cha kutotambulika. Juni 1993 alipoteza kwa Tommy Morrison, kijana aliyeamua kuzungukazunguka badala ya kusimama. Ilionekana imekwisha. Alikaa karibu miezi 17 bila pambano, akatangaza ngumi kwenye televisheni ya HBO, akiwa amekaa kando ya ulingo akiwachambua vijana, Michael Moorer akiwemo.

Moorer alikuwa na miaka 26, ushindi 35 bila kupoteza, bingwa wa kwanza wa uzito wa juu anayepigana kwa mkono wa kushoto, na alikuwa ametoka kumpiga Holyfield Aprili 1994. Foreman alikuwa na 45. WBA, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa wa dunia, haikutaka kuliidhinisha pambano kwa sababu mzee alikuwa hajashinda karibuni, ikabidi aende mahakamani Nevada. Siku yenyewe alivaa kaptura nyekundu aliyoivaa Kinshasa miaka 20 nyuma. Kwenye kona yake alisimama Angelo Dundee, yuleyule aliyekuwa kwenye kona ya Ali usiku ule wa Zaire.

Kwa raundi tisa alipigwa. Sisemi alikuwa anacheza mtego tangu mwanzo. Ngumi za Moorer zilikuwa zinaingia kwelikweli, na majaji wote watatu walikuwa wamempa Moorer uongozi, wawili kwa 88 kwa 83 na mmoja kwa 86 kwa 85. Teddy Atlas, mwalimu wa Moorer, alikuwa akimpigia kelele asisimame mbele ya mzee, azunguke. Moorer alianza kuamini kwamba mzee hana kitu. Foreman alikuwa anapiga ngumi ndogo za kulia zisizo na nguvu zote, nyingine pembeni, nyingine mbavuni, anamzoesha. Raundi ya kumi, jabu, kulia. Jabu, kulia tena, fupi na iliyonyooka, kwenye kidevu. Moorer akaenda chini na mwamuzi Joe Cortez akahesabu hadi kumi. Ngumi ile ilisafiri umbali mdogo sana. Foreman wa 1974 angeivuta kutoka nyuma ya bega na Moorer angeiona.

Akawa bingwa mzee kuliko wote wa uzito wa juu. Kabla yake rekodi ilikuwa ya Jersey Joe Walcott, aliyeupata ubingwa na miaka 37 mwaka 1951. Bernard Hopkins alikuja kuipita rekodi ya uzito wote, alipochukua ubingwa Montreal mwaka 2011 akiwa na miaka 46 na kuendelea kushinda mapambano ya ubingwa hadi 49, lakini katika uzito wa juu hakuna aliyemfikia Foreman.

Yaliyofuata hayaonyeshwi sana, na umeniuliza habari ya heshima kwa hiyo lazima niyaseme. Aprili 1995 alipewa ushindi dhidi ya Mjerumani Axel Schulz ambao wengi, na mimi nikiwemo, tuliona si wake. WBA walikuwa wameshamvua mkanda kwa kutopigana na Tony Tucker, na mkanda wa IBF, shirika jingine, ukaondoka alipokataa kurudiana na Schulz. Hakuwa bingwa wa kutafuta wagumu tena. Novemba 1997, akiwa na miaka 48, akapoteza kwa pointi kwa Shannon Briggs, na safari hii nadhani yeye ndiye aliyeonewa. Akaacha hapo. Rekodi nzima: ushindi 76, KO 68, kupoteza mara tano. Kati ya mapambano 81, alimalizwa kwa KO mara moja tu, Kinshasa.

Kwa hiyo urithi wake ni upi? Angebaki nyumbani mwaka 1987 angekumbukwa kama jitu aliyefanywa mjinga na Ali, jina la kujazia hadithi ya mtu mwingine. Kurudi kule kulimtoa huko. Kulibadilisha hata maana ya Kinshasa: tunaitazama sasa kama darasa alilokuja kulifaulu baada ya miaka ishirini. Kisha kuna tabia. Yule kijana mwenye kununa, asiyesalimia watu, aligeuka mzee wa kucheka, akauza majiko ya kuchomea nyama yenye jina lake zaidi ya milioni 100, na mwaka 1999 haki za jina hilo zikanunuliwa kwa karibu dola milioni 138, fedha ambazo ngumi hazikuwahi kumpa. Mwaka 1997, filamu kuhusu pambano lao ilipopewa tuzo ya Oscar, ni yeye aliyemshika Ali mkono kupanda jukwaani, mikono ya Ali ikitetemeka. Alifariki Houston tarehe 21 Machi 2025, na miaka 76, akili timamu kwa kadiri tulivyomsikia akizungumza miaka yake ya mwisho.

Lakini ametuachia na mzigo. Kila mkongwe anayetaka kurudi sasa anataja jina lake. Holyfield mwenyewe alipandishwa ulingoni Septemba 2021 akiwa na miaka 58 dhidi ya Vitor Belfort, akasimamishwa raundi ya kwanza. Ilikuwa vigumu kutazama. Mike Tyson, naye na miaka 58, Novemba 2024 alizunguka raundi nane za dakika mbili mbili na Jake Paul huko Texas. Zile zilikuwa biashara za jina. Wanaolipia jina hawajali nani anaumia. Na hili si jipya: Joe Louis alirudi kwa sababu ya deni la kodi na Oktoba 1951 Rocky Marciano akamtupa nje ya kamba, raundi ya nane, New York.

Turudi Tanga. Foreman alirudi akiwa amemalizwa kwa KO mara moja katika maisha yake yote, zaidi ya miaka 12 nyuma. Kaka yako aliacha kwa sababu alimalizwa mara mbili ndani ya mapambano matatu. Kwa macho yangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko umri. Bondia akishaanza kulala kwa ngumi ambazo zamani alizivumilia, mapumziko hayamrudishii kile alichopoteza, hata yawe ya miaka minane. Miguu na pumzi vinaweza kurudi kwa mazoezi.

Halafu uzito. Uzito wa juu hauna kikomo cha juu, kwa hiyo Foreman hakulazimika kujikausha. Aliingia na kilo 121 na hakuna aliyemkataza. Uzito wa kati ni kilo 72 na nusu. Mtu wa miaka 41 aliyenenepa dukani atalazimika kupunguza kilo nyingi na siku za mwisho atatoa maji mwilini kwa jasho na kutokunywa, na kichwa kilichokauka maji huumia zaidi kinapogongwa. Na ngumi zenyewe ni za aina nyingine. Uzito wa juu, nguvu ya ngumi moja inaweza kulipa raundi tisa za kuchelewa, kama tulivyoona kwa Moorer. Uzito wa kati hulipwa kwa kasi, na kasi ndiyo inayotangulia kuondoka. Kijana wa miaka 24 atampiga mara nne kabla yeye hajamaliza kufikiri.

Sijasema asiingie jimu. Aingie, akimbie, apige begi, afundishe watoto wa mtaa. Ana mengi ya kuwapa. Ninachokataa ni raundi za kupigana na vijana, kwa sababu madhara mengi ya kichwa hupatikana mazoezini, siku ambazo hakuna daktari wala mwamuzi, na hazihesabiki kwenye rekodi.

Iwapo bado anataka, kuna mambo ya kufanya kabla hajatia saini popote. Apige picha ya ubongo ya MRI kwenye hospitali kubwa na aisome daktari wa mishipa ya fahamu, asitosheke na kupimwa presha na macho siku ya kupima uzito. Nyinyi wa nyumbani mwangalieni: anasahau alipoweka funguo, anakasirika ghafla kuliko zamani, anaongea kwa kuvuta maneno, mkono unatetemeka akishika kikombe? Mke ataona mapema kuliko yeye. Mwandikieni daktari yote hayo, maana mwenyewe atayaficha. Sijawahi kuona bondia asiyeyaficha.

Na huyo promota. Muulizeni maswali mawili: mpinzani ni nani, na amepigana na nani mpaka sasa? Foreman alichaguliwa wapinzani na watu wake mwenyewe, wakampandisha ngazi kwa miaka mitatu kabla ya Cooney. Mkongwe wa kwetu akipigiwa simu, mara nyingi ameitwa kwa sababu kuna kijana anayepandishwa na anahitaji jina linalojulikana kwenye rekodi yake. Mkiambiwa mpinzani ni kijana wa miaka 22 au 23, hajapoteza, na ushindi wake mwingi ni KO, basi kaka yako ndiye kibonde wa usiku huo, na malipo aliyoahidiwa ni bei ya jina lake. Mwombeni promota aandike kwenye mkataba nani analipia MRI, nani analipia matibabu baada ya pambano na kwa muda gani, halafu msome atakachojibu.